Nani Alijenga Baada ya Anguko? Fasihi Yetu na Vita vya Kagera

Ndugu msomaji, tuanze na majina ya vitabu, maana jina la kitabu ni ahadi. Mwaka 1980 Baldwin Mzirai alitoa Kuzama kwa Idi Amin. Mwaka uliofuata Henry Muhanika akatoa Utenzi wa Vita vya Kagera na Anguko la Idi Amin Dada. Kuzama. Anguko. Hujafungua hata ukurasa mmoja, umeshaambiwa vita vilikwisha lini: siku ile mtu mmoja alipoanguka. Mimi nasema hapana. Vita vya Kagera havikwisha siku hiyo, na udhaifu mkubwa wa fasihi yetu juu ya vita hivyo ni kwamba iliupokea mwisho huo bila kuuliza swali.

Tuelewane lakini. Sisemi kwamba waandishi hao hawakufanya kazi. Waliandika majeraha yakiwa bado mabichi, na nchi ilihitaji kujisimulia kwamba imeshinda. Tena walikuwa wanafuata njia iliyokwisha kukanyagwa na wakubwa. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alitunga juu ya vita vya Wadachi kutamalaki Mrima. Abdul Karim bin Jamaliddini akatunga juu ya Maji Maji. Shaaban Robert naye akaandika Utenzi wa Vita vya Uhuru, na kwenye jina lenyewe akapiga mihuri miwili: 1939 hata 1945. Ndiyo desturi ya utenzi wa vita. Una mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea, na huo wa kutokea ni kushinda au kushindwa. Nani atarudi kuzoa vifusi, hilo kwa kawaida utenzi hauliulizi.

Hebu tukumbushane matukio, maana wengi wetu tunaoandika humu tumeyasikia tu kwa wazazi. Oktoba 30, 1978 majeshi ya Amin yalivamia nchi yetu. Novemba 1 akatangaza kwamba ardhi yote iliyo kaskazini ya mto Kagera, kilometa za mraba zipatazo 1,800, sasa ni ya Uganda. Siku moja baadaye Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa vita, na yale maneno yake matatu, uwezo, sababu na nia, mpaka leo hata mtoto wa shule anaweza kukupangia. Daraja la Kyaka likalipuliwa. Jeshi likapanuka mpaka likapita watu 150,000, wakiwemo mgambo, polisi, magereza na vijana wa JKT. Malori na mabasi ya raia yakachukuliwa kupeleka watu na mizigo mbele. Februari 1979 Masaka na Mbarara zikatekwa. Machi yakawa mapigano ya Lukaya, ambako Libya ilileta askari wake kumwokoa Amin. Aprili 11 Kampala ikawa mikononi mwetu, na Juni 3 vikosi vikafika mpaka wa Sudan.

Hapo ndipo fasihi yetu inaposhuka kwenye basi. Basi lenyewe liliendelea na safari.

Liliendelea wapi? Chukua Masaka. Mji ule ulipigwa mizinga, na baada ya kutekwa majengo yake yakalipuliwa na askari wetu wenyewe, kulipiza yale waliyotendwa watu wa Kagera. Jambo hili halipendezi kusema, lakini limeandikwa. Chukua Kampala, ambako maduka na ofisi ziliporwa siku zile zile watu wakishangilia barabarani. Yusuf Lule, aliyechaguliwa kwenye mkutano wa Moshi wa Machi 1979, alikaa Ikulu siku 68 tu. Akaja Binaisa, naye akaondolewa Mei 1980. Ukaja uchaguzi wa Desemba 1980, na Februari 1981 Museveni akaingia msituni, asitoke mpaka alipoitwaa Kampala Januari 1986. Maelfu ya askari wetu walibaki kule hadi 1981, wakilinda mitaa na kufundisha jeshi na polisi wapya. Kwa hiyo nchi tuliyoimba kwamba tumeikomboa ilipigana yenyewe kwa yenyewe miaka mingine mitano. Sasa mwandishi akiniambia hadithi imekwisha Aprili 1979, mimi namwuliza: imekwisha kwa nani?

Na upande wetu je? Kagera raia wapatao 1,500 waliuawa. Makumi ya maelfu walikimbia makazi, mifugo ikaswagwa, nyumba zikachomwa. Kiwanda cha sukari cha Kagera kiliporwa na kuharibiwa. Kumbuka hapo kwenye sukari, nitarudi.

Walimu wetu wa fasihi walitufundisha kwamba fasihi ni kioo cha jamii. Sawa. Lakini kioo kikining'inizwa juu ukutani kinaonyesha uso tu, miguu hakionyeshi. Uso wa vita vya Kagera tunao: kofia, mizinga, hotuba, anguko. Miguu hatuna. Shairi la Kiswahili linaloitazama Masaka kwa macho ya mwenye duka aliyerudi akakuta ukuta mmoja umesimama, mimi sijalikuta. Riwaya juu ya mgambo aliyeachwa kulinda njia panda ya Kampala mwaka 1980, hajui lugha ya mtaa, anasubiri mshahara, sijaikuta. Na kitabu kinachosimulia vita hivi kwa upana zaidi, War in Uganda cha mwaka 1982, kiliandikwa kwa Kiingereza na waandishi wawili wa Kimarekani, Tony Avirgan na Martha Honey. Wao ndio waliotuhesabia kwamba askari wetu waliokufa ni 373, na kwamba kati yao 96 tu ndio waliouawa katika mapigano. Yaani zaidi ya wawili kati ya kila watatu hawakufa kwa risasi ya adui, bali kwa mambo mengine, ajali zikiwemo. Utenzi wa aina gani utamwimba mtu aliyekufa lori lilipopinduka? Hatujautunga. Lakini huyo naye alikwenda vitani, na kwao hakurudi.

Kuna kitabu kimoja lazima nikitoe kwenye lawama hizi, nacho ni tamthilia ya Penina Muhando, Lina Ubani, ya mwaka 1984. Huyu mama aliona kitu. Alitambua kwamba baada ya vita kuna harufu, na kwamba jukwaa ndipo mahali pa kuuliza inatoka wapi. Tazama jina lake lilivyo kinyume cha yale mengine mawili. Anguko ni tukio la siku moja. Ubani ni kazi ya mtu aliyebaki ndani ya nyumba, akihangaika na kinachonuka. Kwa maoni yangu, hapo ndipo fasihi ya vita vya Kagera ingeanzia upya. Lakini wangapi walimfuata?

Sasa turudi kwenye sukari, maana sitaki mtu afikiri nazungumzia mambo ya mpakani tu. Vita vilifika Dar es Salaam bila ndege hata moja ya Amin kutua. Taifa liliombwa lifunge mkanda kwa miezi kumi na minane. Gharama ya vita, kwa makadirio ya serikali yenyewe, ilifika kama dola milioni 500 za Marekani. Si vita peke yake vilivyotumaliza, tuwe wakweli: Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imeshavunjika mwaka 1977, bei ya mafuta ilipanda mwaka 1979, bei ya kahawa ikashuka. Lakini vyote vilimwangukia mtu mmoja, yule aliyeamka alfajiri kupanga foleni kwenye duka la kaya, na saa nyingine akaweka jiwe mahali pake ili aende msalani. Miezi kumi na minane ikapita. Foleni zikabaki. Machi 1983 ikaja kampeni ya kuwasaka wahujumu uchumi chini ya Sokoine, na watu wakatupa sabuni na vitenge usiku wasikutwe navyo ndani. Mwaka 1984 milango ya bidhaa za nje ikaanza kulegezwa, mwaka 1986 tukawekeana mkataba na Shirika la Fedha la Kimataifa, na Kariakoo hii tunayoijua, ya mitumba na meza na kelele, ikaanza kuota.

Jamani, hiyo yote ni hadithi ya baada ya vita! Yule kijana wa meza ya viatu Mtaa wa Kongo ni sura ya mwisho ya kitabu ambacho sura yake ya kwanza ni daraja la Kyaka. Tumezoea kuweka sura hizi kwenye rafu mbili. Vita tunaviweka kwa wanajeshi, foleni tunaziweka kwa wachumi. Mwandishi alipaswa kuziunganisha, maana mama aliyepanga foleni ndiye huyo huyo ambaye mwanawe alikuwa Arua.

Na hapa ndipo Kariakoo yenyewe inapotuaibisha, kwani jina lake ni jina la vita. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam mwaka 1916, walifanya kambi hapa ya kikosi chao cha wapagazi, Carrier Corps. Midomo ya wenyeji ikakitafuna kile Kiingereza mpaka kikawa Kariakoo. Nairobi nao wana Kariokor yao, kwa sababu hiyo hiyo. Wapagazi wale walibeba unga, maji, risasi na majeruhi kwa miguu, na makumi ya maelfu yao walikufa, wengi kwa kuhara, malaria na njaa. Bunduki hawakuwa nayo.

Sasa toka Kariakoo, panda Uhuru, pita Mnazi Mmoja, nenda mpaka Sanamu ya Askari pale Samora. Sanamu ile iliwekwa mwaka 1927. Maandishi ya chini yanawataja wapagazi pia. Lakini inua macho: juu amesimama askari peke yake, na bunduki yenye singe imeelekezwa bandarini. Mpagazi yuko kwenye maandishi, kwenye shaba hayumo. Nairobi walau wachongaji waliweka watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Sisi mjini kwetu tulipewa mwenye bunduki tu. Halafu tukaja sisi wenyewe, huru, na kalamu zetu, tukachonga vita vya Kagera kwa mtindo ule ule wa mkoloni: anayefyatua anapanda juu, anayebeba anabaki chini kwenye maandishi madogo. Huu ndio uhakiki wangu, na ukitaka kuufupisha, ufupishe hivyo.

Mtu atasema haya ni maneno ya vitabuni. Hapana. Kuna mzee mmoja wa kijiwe cha kahawa, nyuma ya Mtaa wa Mkunguni, watu wanamchokoza kila mara awasimulie Kampala. Yeye anasimulia, wanacheka, wanamlipia kikombe. Siku moja nikakaa naye wenzake walipokwisha kuondoka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Na wewe unataka Kampala?"

"Hapana mzee. Nataka ulivyorudi."

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Hilo hawaniulizagi." Akanieleza kwamba alikwenda kama mgambo akiwa na kazi kiwandani, kiwanda ambacho sitakitaja, na aliporudi akakuta kazi ina mtu mwingine na mashine zenyewe nusu zimesimama kwa kukosa vipuri. Akapata mkokoteni. Akawa anateremsha mizigo pale sokoni, shimoni, magunia ya viazi na vitunguu, miaka na miaka. "Kule nilibeba masanduku ya risasi," akaniambia, "huku nikabeba viazi. Viazi ni vizito zaidi, maana havina sherehe." Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayekutajia bei.

Mimi si mtunga tenzi, lakini najua maneno yale yana uzito wa kuanzia kitabu. Na huyo mzee ana umri. Wenzake wanazikwa kila mwaka, wengine Kinondoni, wengine makwao mikoani, na wanazikwa na nusu ya pili ya vita vyao ambayo hakuna aliyeiuliza.

Najua pingamizi zinazokuja, tumeshabishana sana kwenye vikao vyetu. La kwanza: eti kujenga hakuna msisimko. "Nani atanunua hadithi ya saruji?" aliniuliza mshikaji mmoja anayeandika visa vya upelelezi. Namwelewa. Sote tulikua na Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Kazi ya mashujaa hao inakwisha adui anapokufa. Hatujawahi kumwona Willy Gamba akirudi kupiga lipu ukuta aliouvunja. Lakini kusema kwamba kazi haina msisimko ni kutoijua kazi. Shafi Adam Shafi katika Kuli, mwaka 1979, aliwachukua wapagazi wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa 1948, na watu wakasoma. Kujenga kumejaa ugomvi kuliko vita: nani apewe bati kwanza, nani ameandikishwa kwenye orodha ya fidia na hakuwa hata na kibanda, fundi gani kaiba misumari, mjane gani kaambiwa arudi kesho. Vitani adui unamjua. Kwenye ujenzi adui wakati mwingine ni shemeji yako. Sasa hapo msisimko unataka wa namna gani?

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi: karatasi haikuwepo. Ni kweli. Miaka ya mwanzo ya themanini wachapishaji wa umma walikwama, karatasi na fedha za kigeni za kuagizia vikawa adimu. Ona mzunguko huo ulivyo mkatili: dhiki ya baada ya vita ilikula karatasi ambayo dhiki hiyo ingeandikiwa. Lakini hoja hiyo inabeba nusu tu ya mzigo. Vijitabu vya mapenzi na ujambazi vilichapwa miaka ile ile, na wachapishaji wadogo wa mjini walijitafutia karatasi wenyewe. Karatasi ilikuwa chache, na kila mchapishaji alichagua aitumie kwa nini. Uchaguzi huo ndio wa kuhakikiwa.

Pingamizi la tatu sitalipa nafasi kubwa: kwamba kuandika juu ya Masaka ni kuwavunjia heshima mashujaa wetu waliolala Kaboya. Heshima gani hiyo inayoogopa ukweli? Mwanajeshi aliyepigana kwa haki haibiwi chochote tukisema kwamba ushindi wake ulimwacha mtu wa Masaka bila paa. Tunachomwibia ni pale tunapomgeuza sanamu, tukasahau kwamba alikuwa na njaa, hofu na mke wa kuandikia barua.

Kwa nini nayasema sasa, na vita vimepita zamani? Kwa sababu vijana wetu hawajaacha kwenda. Mwaka 2013 Brigedi ya Umoja wa Mataifa iliyopelekwa mashariki ya Kongo kupambana na M23 ilikuwa na askari wa Tanzania, na kamanda wake wa kwanza alikuwa Mtanzania, James Mwakibolwa. Novemba mwaka huo M23 wakashindwa, magazeti yetu yakapiga vigelegele. Desemba 7, 2017 walinda amani wetu wasiopungua 14 waliuawa katika kambi ya Semuliki. Januari 2025 M23 wale wale, waliokwisha "kuanguka", waliuteka mji wa Goma. Ndiyo maana nasema neno anguko ni la kuangaliwa kwa makini. Mahali ambapo hakuna aliyejenga, hata aliyeanguka anasimama tena.

Na wenzetu wa Kongo tunao hapa hapa. Wanakuja Kariakoo kufunga mizigo ya nguo, vyombo na simu. Mfanyabiashara wa Bukavu anayesimama Mtaa wa Narung'ombe akihesabu marobota ana habari za vita na za kujenga kuliko mwandishi yeyote anayesubiri taarifa ya saa mbili usiku. Kiswahili chake kimepinda kidogo kwetu, tunamcheka. Tungemsikiliza.

Basi ninachokipendekeza kwa kundi letu ni kidogo, hakihitaji semina wala mfadhili. Kila mmoja ana mtu mmoja mtaani kwake aliyekwenda na akarudi: Kagera, Msumbiji, Kongo, popote. Mwache asimulie mapigano, ni haki yake, usimkate. Akimaliza, akiisha kufikia pale ambapo wote hupiga makofi, muulize: na baada ya hapo? Ulilala wapi usiku wa kwanza? Nani alikupa kazi? Nyumba uliyoipiga, unajua ilijengwa na nani? Andika anavyosema, na viazi vyake, na vitunguu vyake. Kurasa mbili zinatosha kuleta kwenye kikao kijacho. Tukipata kumi tutakuwa na kitabu, na jina lake lisiwe na neno anguko.